Presha imepanda, nimeambiwa nibadilishe maisha: nianzie wapi?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Nina miaka 44, nina duka la chakula hapa Chake Chake. Nilipimwa presha ikawa 146 kwa 92, na uzito kilo 94. Sukari yangu bado iko sawa, ila mama anaumwa kisukari miaka mingi. Nikaambiwa nibadilishe mtindo wa maisha, basi, hakuna aliyenieleza nibadilishe nini. Nakaa dukani kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku. Chai nakunywa vikombe vitano hivi, vijiko vitatu kila kikombe, na soda moja mchana joto likizidi. Sigara ni tatu au nne tu kwa siku. Jamaa kila mmoja ana lake: maji ya moto na ndimu, karafuu za kutafuna, habbat soda, nikaumikwe, niache wali kabisa. Nianzie wapi? Na ni kweli kwamba dawa za presha ukishazianza huziachi tena?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umenisaidia sana kunieleza siku yako inavyokwenda, kwa sababu jibu limo humo humo. Tazama ushauri uliopewa na jamaa: karibu wote wanakutaka uongeze kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza chai yako unaitia vijiko vingapi. Presha ya mtu wa umri wako mara nyingi hupandishwa na mambo madogo anayoyarudia kila siku mpaka hayaoni tena. Basi tupite kwenye siku yako tuyatafute.

Tuanze na hiyo chai. Vikombe vitano kwa vijiko vitatu ni vijiko 15. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kina kama gramu 4 za sukari, kwa hiyo hapo pana gramu 60, na nimekudhania mema, maana wengi wetu kijiko tunakijaza mpaka kinamwagika njiani. Soda ya mililita 350 inakuongezea kama gramu 35 nyingine. Jumla inakaribia 95. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, na akiweza ashuke hadi 25, ambazo ni vijiko sita tu. Wewe mizani unayo. Leo jioni pima gramu 95 za sukari kwenye karatasi, uiweke juu ya kaunta uitazame. Hiyo ni ya siku moja, na bado hujala andazi wala hujanywa juisi ya ukwaju kwa jirani. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo hiyo, ingawa najua wapo watakaokuapia kwamba haimo.

Sikwambii uache chai. Kumwambia mtu wa Chake aache chai ni kutafuta ugomvi. Punguza nusu kijiko kila wiki, si zaidi, na wiki ya nne utakuwa umefika kijiko kimoja bila kulumbana na ulimi wako. Ulimi huzoea; baada ya muda ile chai yako ya zamani utaiona kama sharubati. Hapa ndipo karafuu zinapopata kazi ya maana: chembe mbili, kijiti cha mdalasini, mchaichai na hiliki kidogo huifanya chai inukie, na chai inayonukia haidai sukari nyingi. Soda iondoe kabisa siku za kawaida, iachie harusi. Joto likizidi kunywa maji, na dafu ukilipata ni bora mara nyingi kuliko chupa ya soda.

Kinacholiwa na chai nacho kina neno. Mandazi, vitumbua na mkate wa kusukuma kila asubuhi ni unga mweupe na mafuta, na saa nne umeshaona njaa tena. Muhogo wa kuchemsha, shelisheli, kiazi kitamu, na kando yake mbaazi au yai, vitakufikisha adhuhuri. Haya si mageni kwako, ni chakula ulichokulia, tumekiacha tukakiona cha shamba.

Wali usiuache. Mtu akiambiwa aache wali kabisa, huuacha wiki mbili, kisha anaurudia kwa hasira. Tatizo la wali kwetu ni sinia. Mnakaa watu watano, wali umepangwa kilima, mchuzi unamiminwa katikati, samaki anachambuliwa, na kila mkono unakwenda. Mwisho wa chakula hakuna anayeweza kusema amekula kiasi gani, ila anajua ameshiba kupita kiasi. Sitaki mvunje sinia. Kula pamoja kuna faida zake. Ninachotaka ni mpangilio ubadilike. Sahani ya mboga na kachumbari zitangulie, muanze kula hizo na samaki kabla mkono haujagusa wali. Hili lina sababu: mboga na kitoweo vikitangulia tumboni, wanga unaofuata hupandisha sukari ya damu polepole zaidi. Kisha wewe jichotee wali wako pembeni mara moja, kiasi cha ngumi yako, na usirudie. Mboga ziwe nusu ya mlo, wali robo, samaki au kunde robo. Mchicha, matembele, bamia, mchunga, chochote kilichopo sokoni siku hiyo. Mchunga ni mchungu, najua, lakini watu wa Pemba ndio wa mwisho kulalamika kuhusu mchunga.

Kuhusu mboga na matunda nina sababu ya kusisitiza. Mwaka 1997 Marekani ulichapishwa utafiti mashuhuri ambapo watu walipewa mlo wenye matunda mengi, mboga nyingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wale waliokuwa na presha ya juu, namba yao ya juu ilishuka kwa pointi kama 11 zaidi ya wale waliobaki na mlo wa kawaida, na hii ni ndani ya wiki chache, bila kuwapunguza uzito. Pointi 11 kwako ni kutoka 146 hadi 135. Wapo wanaomeza kidonge kila siku kupata kiasi hicho. Na sisi matunda tunayo mpaka yanaozea chini ya miti.

Sasa chumvi, na hapa mizani yako ya dukani itakusaidia tena. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na watoto hupunguziwa zaidi. Hujanieleza nyumbani mko wangapi. Tuseme ni saba. Hiyo ni gramu 35 kwa siku, kilo moja na ushei kwa mwezi kwa nyumba nzima. Lakini humo ndani inahesabiwa pia chumvi ya ng'onda, ya papa mkavu, ya boflo, ya achari, ya bajia na ile ya vipande vya kutia ladha kwenye mchuzi ambavyo bila shaka unaviuza mwenyewe. Wewe mwenye duka unajua kila mwezi pakiti ngapi za chumvi zinakwenda jikoni kwako. Zihesabu. Ukiona pakiti pekee zinapita kilo, umeshajua sehemu moja ya presha inatoka wapi.

Cha kufanya ni chepesi: vile vipande vya ladha viache, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili vifanye kazi yao. Ng'onda na papa roweka, mwaga maji, roweka tena, na uwe mlo wa siku mojamoja. Chumvi isiwekwe mezani. Mwambie mama watoto mapema kwa nini mnafanya hivi, asije akadhani umeanza kukikosoa chakula chake. Wiki mbili za mwanzo kila kitu kitaonekana baridi, kisha mtazoea.

Mafuta nitayasemea kwa mfano wa wenzetu wa kisiwani. Mauritius ilikuwa na maradhi mengi ya moyo, na mafuta ya kupikia yaliyouzwa kwa bei nafuu kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese. Kuanzia 1987 serikali yao iliyabadilisha yakawa ya soya. Walipowapima watu tena 1992, kolesteroli ya wastani, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ilikuwa imeshuka sana, na mabadiliko ya mafuta yalikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa, ingawa kampeni za afya nazo zilikuwapo. Wewe huna serikali mkononi lakini una kidumu cha mafuta nyumbani: nunua ya alizeti au soya, tia kidogo, na yakishakaangia mpaka yakawa meusi yamwage. Nazi siikatazi. Ila kasimile, lile tui zito la kwanza, kila siku ni mzigo. Pika kwa tui jepesi, na siku tatu nne za wiki samaki awe chukuchuku. Kibua wa chukuchuku kwa ndimu na pilipili mbichi, sijui nani atasema ameadhibiwa.

Tuje kwenye kiti. Hili ndilo ninaloliogopea zaidi kwako, kuliko hata sukari. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walitoa matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva wanakaa siku nzima. Makondakta wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi ni lile lile, kampuni ile ile, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua hawakufa kwa wingi ule. Wewe ndugu yangu ni dereva bila basi. Kila kitu dukani kiko mkono unapofika, na kwenda nyumbani ni bodaboda.

Kiasi kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukaza kidogo. Kipimo chake ni kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini kasida huwezi kuisoma. Najua utaniambia huna muda, na mie sitakwambia ukajiandikishe kwenye mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri ufukweni, ingawa wanaoweza nawapa heko. Tumia kile unachokifanya tayari. Duka unalifunga wakati wa sala, sivyo? Chagua msikiti ulioko dakika kumi kwa miguu, sio ule wa mlango wa pili, na uwe unauendea kwa sala moja tu kati ya zile za mchana au jioni. Kwenda na kurudi ni dakika 20, kwa siku saba ni 140. Chake ni milima mitupu, kwa hiyo hata hizo dakika zina uzito kuliko za mtu anayetembea Michenzani kwenye tambarare. Zilizobaki zitafute baada ya chakula cha usiku: dakika kumi za kutembea ukishakula hupunguza sukari inayopanda kwenye damu, na kwako wewe mwenye mama mwenye kisukari hilo ni la maana sana.

Ndani ya duka lenyewe, kiti kisogeze mbali na kaunta. Kila mteja akija simama. Vitu vinavyotoka sana viweke rafu ya juu na ya chini, sio ya usawa wa mkono. Mara mbili kwa wiki fanya kitu cha nguvu: kaa na simama kwenye stuli bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia. Misuli mikubwa kama ya mapaja hutumia sukari kwa wingi ikifanya kazi, na yako imelala.

Kwa nini nasisitiza kisukari wakati sukari yako iko sawa? Mwaka 2002 Marekani ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Waliowekewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kuugua kisukari ulishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo zako 94 ni kilo sita na nusu. Sio ishirini, sio urudi mwili wa ujana. Na kila kilo inayoondoka inaondoka na takriban pointi moja ya presha.

Sigara: hiyo "tu" uliyoitia ifute. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti nyingi uliokuta kwamba mtu anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo ambayo anabeba mvutaji wa sigara 20. Kupunguza kutoka kumi hadi tatu ni vizuri kwa mapafu, kwa moyo hakutoshi. Acha zote, chagua tarehe, na sigara za rejareja usiziuze tena, maana boksi likiwa chini ya kaunta hutaacha.

Usingizi nao usiudharau. Ukifunga duka saa nne, ukala, ukatazama simu mpaka saa sita, na alfajiri unaamka, hujafika saa sita za kulala. Lenga saba. Watu wetu wa zamani walifunga maduka mchana wakalala kidogo. Dakika 20 au 30 baada ya adhuhuri zinatosha. Na muulize mkeo kama unakoroma kwa nguvu kisha pumzi inakatika kidogo halafu unashtuka. Ikiwa ndivyo, mwambie daktari, kwa sababu hali hiyo peke yake hupandisha presha.

Nirudi kwa ushauri wa jamaa. Maji ya ndimu hayakudhuru, wala hayayeyushi mafuta ya tumbo. Habbat soda sina ugomvi nayo, lakini anayeitumia amwambie anayemtibu, hasa mama yako, kwa sababu inaweza kushusha sukari pamoja na dawa zake. Kuumikwa usitegemee kwa presha, na ukienda hata hivyo hakikisha wembe ni mpya umefunguliwa mbele yako. Homa ya ini ya B husafiri kwa damu ndogo mno.

Sasa hiyo 146 kwa 92. Kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Pengine ulitoka juani, ulipanda kilima, ulivuta sigara nje ya mlango. Rudi kituo cha afya siku tofauti mbili au tatu. Nusu saa kabla usivute wala usinywe kahawa, nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umepumzika usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inapima. Omba wapime mara mbili, dakika moja katikati. Ukiona bado ni 140 kwa 90 au zaidi, una presha ya juu, na daktari ataamua kama akupe miezi michache ya mabadiliko haya au aanze dawa papo hapo.

Na akikupa dawa, zinywe. Maneno ya kwamba ukizianza huziachi yamewalaza watu wengi upande mmoja. Wengi huendelea nazo kwa sababu presha yenyewe haijaondoka, na dawa ndiyo inayoishikilia. Wapo wanaopungua uzito, wakabadilika, na daktari akawapunguzia dozi au akaziondoa. Anayeziondoa ni daktari, si wewe, na si siku unapojisikia vizuri, kwa kuwa presha haiumi. Ukiona namba zimefika 180 kwa 120, au kifua kinabana, mdomo unakwenda upande, ulimi mzito, mkono hauna nguvu, usingoje asubuhi wala usitafute mtu wa kukuombea kwanza. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Mabadiliko usiyaanze yote kwa pamoja. Wiki hii chai na sigara. Wiki ijayo msikiti wa mbali na sahani ya mboga. Chumvi na mafuta yafuate mkishakaa na mama watoto. Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, uandike kwenye lile daftari la mikopo, ukurasa wa nyuma.

Na mama, kama anatumia vidonge au sindano za sukari na anapenda kufunga Jumatatu na Alhamisi, aende kwa daktari wake kabla ya kufunga tena, apangiwe dozi ya daku na ya futari. Asiwe anapunguza mwenyewe kwa kukisia.